Nani Ametuma Radi?

Wewe uliyeko Manga, wewe uliyeko Nyamira mjini, wewe uliyeketi ndani ya matatu pale Kisii ukingoja ijae, na wewe uliyeko Nairobi au Mombasa lakini masikio yako nyumbani: nawasalimu nyote. Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha maswali. Kama kuna kitu jikoni, ongeza sauti ya redio ukaendelee kukoroga. Sitaki kulaumiwa kwa ugali ulioungua.

Leo nina maswali machache, na nimeyachagua kwa sababu. Yanaonekana hayahusiani. Moja ni la mvua, moja la radi, moja la mzee anayetembea usiku, moja la malaria, na la mwisho ni la mwezi. Lakini kabla sijaanza, naomba uweke jambo moja akilini. Kila tukio unaweza kuliuliza kwa njia mbili. Unaweza kuuliza, nani amefanya hivi? Na unaweza kuuliza, hili limetokeaje? Huku kwetu milimani tunapenda sana swali la kwanza. Ng'ombe amekufa, nani? Mtoto anaugua, nani? Leo tujaribu swali la pili. Limetokeaje?

Haya, twende.

Swali la kwanza ni la mwanafunzi wa gredi ya saba. Anauliza: mbona asubuhi jua linawaka vizuri, mama anaanika nguo, halafu saa nane au saa tisa mchana mvua inateremka, na kesho yake inakuwa vivyo hivyo?

Mwanangu, jibu lako liko ziwani. Siku ya anga safi ukipanda juu ya ukingo wa Manga ukaangalia upande wa magharibi, utaliona Ziwa Victoria kwa mbali. Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na uso wake uko kwenye mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu zaidi. Mji wa Kisii uko kwenye mita 1,700 hivi, na milima ya Manga inaupita.

Sasa jua likichomoza, ardhi inapata joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi inakuwa nyepesi na kupanda, na hewa ya ziwani, iliyopoa na kujaa unyevu, inakuja kushika nafasi yake. Inapanda miteremko yetu taratibu kuanzia kabla ya adhuhuri. Upande wa pili kuna upepo unaotoka mashariki, ule uliovuka Bonde la Ufa. Pepo hizo mbili zinakutana juu ya vichwa vyetu. Zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, unyevu wake unageuka matone, na matone yanakuwa wingu. Kufikia saa nane, mama anakimbilia kamba ya nguo.

Unaweza kulihakikisha mwenyewe. Jumamosi asubuhi angalia anga saa nne, halafu saa sita, halafu saa nane. Utaona mawingu madogo meupe yakitokea juu ya milima kwanza, kisha yakinenepa na kurefuka. Na usiku je? Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa kuliko ziwa, upepo unatoka nchi kavu kuelekea majini, na dhoruba zinahamia kule. Wavuvi wa Homa Bay na Mfangano wanalijua hili vizuri kuliko mimi, maana ndio wanaokutana nazo gizani.

Kwa hiyo mvua ya alasiri inatokeaje? Ziwa, joto la mchana na mlima. Mambo hayo matatu tu. Yashike, kwa sababu swali linalofuata linasimama juu ya hayo hayo.

Swali la pili. Huyu ni mzee, ameomba nisitaje kijiji chake. Anasema radi iliua ng'ombe wa jirani yake watatu kwa mpigo, wakiwa chini ya mti mmoja, na mtu aliyekuwa amesimama hatua chache tu hakuguswa. Mzee anauliza: hiyo radi si ilikuwa na anwani? Nani aliituma?

Mzee wangu, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi, kwa sababu wengi wanaliuliza kwa kunong'ona.

Turudi kwenye lile wingu letu la saa nane. Wingu la radi ni refu kuliko unavyodhani. Kitako chake kinaweza kuwa karibu na paa la mlima, lakini kichwa chake kinapita kilomita kumi juu, mahali penye baridi ambapo maji yote ni barafu. Humo ndani kuna upepo unaokimbia kwenda juu kwa nguvu. Chembe za barafu zinapandishwa, nyingine zinashuka, zinagongana na kusuguana. Kusuguana huko kunagawa umeme: sehemu ya juu ya wingu inabaki na chaji chanya, sehemu ya chini chaji hasi. Chaji zikizidi, hewa inashindwa kuzitenganisha, na umeme unaruka. Mwingi unarukia ndani ya wingu lenyewe. Mwingine unakuja ardhini. Njia yake inapata joto la nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya uso wa jua, na hewa inalipuka kwa ghafla. Mlipuko huo ndio ngurumo.

Barafu hiyo hiyo ikikua na kuwa nzito, inashuka kwetu kama mvua ya mawe na kuchanachana majani chai. Kericho miaka ya 1960 walifika hatua ya kurusha roketi mawinguni ili wayavunje hayo mawe kabla hayajafika mashambani. Sitasema kwamba walishinda. Mawe yanaanguka mpaka leo. Lakini angalau waliuliza yanatokeaje.

Sasa, ng'ombe watatu na mtu mmoja. Radi ikipiga mti haiishii kwenye mti. Umeme unashuka kwenye shina, unaingia ardhini na kusambaa pande zote, na nguvu yake inapungua kadiri unavyokwenda mbali na shina. Ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana sana. Ardhi chini ya miguu ya mbele ina nguvu moja ya umeme, ardhi chini ya miguu ya nyuma ina nyingine. Tofauti hiyo inasukuma umeme upande kwa mguu mmoja na kutoka kwa mwingine, na katikati ya safari hiyo kuna moyo. Mtu ana miguu miwili, na mara nyingi imekaribiana. Umeme unaopita mwilini mwake ni mdogo zaidi. Ndiyo maana ng'ombe wanaanguka pamoja na mtu aliye kando anabaki amesimama, anatetemeka, na kesho yake anaanza kutazamwa kwa jicho baya.

Hebu tuliweke wazi hapo. Yule aliyepona hakutuma kitu. Miguu yake ilikuwa karibu karibu. Basi.

Na mbona radi ni nyingi huku? Tuna ziwa, tuna joto la mchana, tuna mlima. Wenye ziwa na mlima kama sisi wana radi kama sisi. Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu ya miaka mingi ya radi iliyoonwa na setilaiti. Nafasi ya kwanza duniani ilishikwa na Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, na ya pili ni Kabare, mashariki mwa Kongo, karibu na Ziwa Kivu. Hawa wote wana nini? Maji mengi na milima kando yake. Ikiwa kuna mtu anayetuma, basi anapenda sana jiografia.

Najua kicheko hicho hakimfariji aliyefiwa. Tarehe 28 Juni 2011 huko Kiryandongo, Uganda, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya na kuua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja. Walikuwa darasani. Lakini si ndani ya jengo ni salama? Inategemea jengo. Jengo lenye nondo na nyaya zinazoteremsha umeme hadi ardhini linakulinda. Nyumba ya udongo au ya mbao yenye mabati juu tu, mabati yasiyounganishwa na chochote ardhini, haikupi kinga hiyo. Baadaye shule hiyo ya Runyanya iliwekewa mitambo ya kuongoza radi ardhini. Wazazi mnaokaa kwenye bodi za shule huku Nyamira na Kisii, mkimaliza ajenda ya lango na basi, ongezeni hii.

Kwa leo fanya haya. Ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni kama kilomita moja. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika thelathini, toka shambani, weka chini kikapu cha chai, ondoka chini ya mkaratusi. Gari lililofungwa milango ni salama. Bodaboda si salama, hata ukiwa umefunika kichwa kwa nailoni. Ndani ya nyumba, kaa mbali na ukuta na usishike simu iliyo kwenye chaji. Kioo cha kabati huna haja ya kukifunika, na shati jekundu halina hatia.

Na hili nalirudia, kwa sababu linaokoa maisha. Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse. Mguse mara moja. Kama hapumui, weka viganja katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu na haraka, mara mia moja au zaidi kidogo kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Wako waliokufa kwa sababu majirani walisimama kando wakiogopa kuwagusa, wakijadiliana ni nani aliyetuma.

Tunywe maji kidogo, tuingie kwenye swali la tatu. Hili limeandikwa na dada mmoja, na nalisoma kama lilivyo. Nyanya yake ana miaka themanini na kitu. Siku hizi anawaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokufa. Jioni anahangaika, anasema anataka kwenda nyumbani, naye yuko nyumbani. Juma lililopita alionekana saa nane usiku njiani, bila viatu na bila leso. Dada anasema majirani wameanza maneno. Anauliza: nyanya yangu ana nini?

Dada, nakujibu taratibu. Kuna maradhi ya ubongo yanayowapata baadhi ya wazee, madaktari wanayaita dimensia, na Alzheimer ni aina mojawapo. Seli za ubongo zinakufa kidogo kidogo. Kumbukumbu za jana zinatoweka kwanza, za ujana zinabaki, ndiyo maana anawaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake. Ile nyumbani anayoitaka ni nyumbani kwa mama yake, miaka sabini iliyopita. Saa ya mwili inayotofautisha usiku na mchana nayo inaharibika, kwa hiyo anaamka usiku wa manane akidhani kumekucha na ng'ombe hawajakamuliwa. Anatoka. Anasahau nguo. Anapotea hatua hamsini kutoka mlangoni kwake.

Mtu anayekutana naye gizani anauliza swali gani? Anauliza nani. Na huku kwetu jibu lake lishaandaliwa: ni mchawi, anatembea usiku.

Wasikilizaji, lazima niliseme hili hapa hapa Gusii. Mei 2008 watu 11 waliuawa Kisii kwa kuchomwa moto, wakishukiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wazee. Tulisema haitarudi. Oktoba 2021 huko Marani, wanawake wanne waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Sijui afya ya kila mmoja wao ilikuwaje na si kazi yangu kuwapima leo. Ninachojua ni kwamba dalili ambazo watu huzitaja wanapomshuku bibi kizee, yaani kutembea usiku, kuongea peke yake, kutojua alikotoka, kuchukia watu aliowapenda, ziko kwenye vitabu vya udaktari. Na mtoto anayesemwa amerogwa kwa sababu amepoteza sauti au fahamu ghafla, naye ana maradhi yake ya kuchunguzwa, na hayamhusu bibi wa jirani.

Kwa hiyo, dada, fanya hivi. Mpeleke hospitali, kwa maana si kila kuchanganyikiwa ni dimensia. Maambukizi kwenye njia ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee akili kwa siku mbili tu, na dawa zikamrudisha. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingoni, dawa nyingi zilizochanganywa, kiharusi kidogo kilichopita bila kutambuliwa, vyote vinaweza kuleta hali hiyo, na vingine vinatibika. Kama ni dimensia, haina tiba ya kuiondoa, lakini kuna namna ya kuishi nayo. Weka kitasa cha juu mlangoni, taa ndogo usiku, mtu wa kulala naye chumba kimoja. Usibishane naye kuhusu nyumbani. Mwulize habari za mama yake.

Tena, mwambie chifu. Waambie wazee wa kanisa. Mwambie jirani wa juu na wa chini jina la ugonjwa, kabla hawajaupa jina lao. Ukikaa kimya kwa aibu, wengine watalijibu swali kwa niaba yako.

Nimekawia hapo, na sijutii. Tuendelee.

Mama mmoja anauliza: wazee walisema malaria ni ya watu wa ziwani, mbona imepanda mlima? Mama, kidudu cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Kukiwa na nyuzi 25, kinakomaa kwa siku 12 hivi. Kukiwa na nyuzi 18, kinahitaji karibu wiki nane, na mbu wachache sana wanaishi muda huo. Chini ya nyuzi 16 hakikui kabisa. Baridi ya milima ndiyo iliyokuwa neti ya babu zetu. Ukuta huo ulianza kubomoka mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, hospitali za Kisii zilipojaa wagonjwa wa mlipuko, watu wazima kwa watoto, maana mtu wa mlimani hajazoea malaria na mwili wake hauna kinga.

Sababu zilikuwa nyingi pamoja. Joto limepanda. Dawa ya klorokwini ilikuwa imeshindwa, na Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Na sisi wenyewe tulifyeka mabwawa ya matete kule bondeni, tukachimba mashimo ya kufyatulia matofali. Mbu huyu anapenda kidimbwi kidogo kinachopigwa na jua, hata kile cha alama ya kwato za ng'ombe. Linganisha boma la bondeni na boma la juu mlimani, uulize ni wapi wanaugua zaidi. Kisha ufukie shimo la matofali ukimaliza kazi. Na neti, mama, ni ya kulalia, si ya kufunikia vifaranga.

La mwisho, ni la mtoto wa gredi ya nne: mwezi mwandamo kwenye kitabu chetu umesimama, mbona huku umelala kama bakuli? Na babu anasema ukilala hivyo mvua inakuja.

Kitabu chako pengine kilichorwa na mtu wa Ulaya. Upande wa mwezi unaong'aa ni ule unaotazama jua. Kule Ulaya jua linazama kwa mshazari, kwa hiyo linaumulika mwezi kutoka ubavuni. Sisi tuko karibu sana na Ikweta, chini yake kidogo tu. Jua letu linateremka karibu wima, na likizama linabaki chini ya mwezi, likiumulika kutoka chini. Ndugu zetu Waislamu wanaoutafuta mwezi wa Ramadhani kule Lamu na Mombasa wanauona umelala hivyo hivyo. Na mvua? Mpe babu salamu zangu, umwombe mtie alama kwenye kalenda kila mwezi mwandamo, na kando yake muandike kama ilinyesha. Mfanye hivyo mwaka mzima, kiangazi na masika, halafu mniletee kalenda.

Muda umeniishia. Juma lijalo nina swali la fundi wa Tabaka: kwa nini jiwe la Tabaka linachongwa kwa kisu, na jiwe la Manga linakataa hata nyundo? Fundi, nimelipokea, na jiwe lako liko hapa mezani. Taarifa ya habari inafuata. Kwaherini.